Jicho la Mbali Kwenye Mikoko ya Rufiji

Vijana wanaoanza kazi ya picha hapa Kibiti hunijia na swali lilelile. "Shikamoo mjomba. Nina laki tatu na nusu, nipate lenzi gani ya kuvuta?" Wanaitaka kwa mechi za mpira, kwa mikutano ya siasa ambako wapiga picha wa mgeni rasmi peke yao ndio wanaosogelea jukwaa, kwa mahafali, na wachache kwa ndege na viboko wa delta. Wanategemea nitaje jina na namba, basi. Jina ninalo na nitalitaja. Lakini kabla ya hapo huwaketisha kwenye benchi nikawaeleza habari za manowari ya Kijerumani iliyojificha kule chini kwetu mwaka 1914, kwa sababu kwa mtu wa Rufiji sijapata somo la lenzi ya mbali lililo bora kuliko hilo.

Manowari hiyo ni Königsberg, nahodha wake Max Looff. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, miezi miwili kabla ya vita. Tarehe 20 Septemba iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar, kisha mashine zake zikaanza kuisumbua, ikaja kujificha Rufiji. Waingereza hawakudhani meli ya ukubwa ule ingeweza kupita milango ya mto wetu. Wajerumani walijua inapita, kwa kuwa meli yao ya upimaji, Möwe, ilikwishapima vina vya maji kabla ya vita. Na wao delta hawakuwa wageni nayo: mwaka 1898 waliitangaza mikoko kuwa msitu wa serikali, na mkataji boriti aliyekuwa akijikatia na kuuza kwenye majahazi ya Uarabuni kama baba yake alivyofanya, akajikuta anahitaji kibali. Kuanzia hapo serikali ilikuwa na watu wanaoifahamu milango ya mto.

Meli za Kiingereza zilizokuwa zikiitafuta zilibeba darubini nzuri za zama zile. Zilipita nje ya delta zikitazama. Aliyewahi kukabili delta akitokea baharini anajua walichokiona: mstari wa kijani usio na mwanzo wala mwisho, mlango mmoja hautofautiani na mwingine, na kuanzia saa nne asubuhi mvuke wa joto unapanda kutoka kwenye matope mpaka miti inaonekana kucheza. Kioo hakikuwasaidia. Kilichowasaidia ni karatasi. Oktoba 1914 waliipekua meli ya Kijerumani iitwayo Präsident huko Lindi, wakakuta hati zinazoonyesha kwamba matishari ya makaa ya mawe yalipelekwa Salale, ndani ya delta. Ndipo manowari Chatham ilipokuja kwenye delta, ikashusha watu pwani, wakawahoji wenyeji. Tarehe 30 Oktoba mtazamaji aliyepanda mlingotini akaziona ncha za milingoti ya Königsberg juu ya mikoko.

Hapo huwauliza vijana: je, kazi ilikwisha? Haikwisha. Ilichukua zaidi ya miezi minane. Ncha ya mlingoti si shabaha, na Looff aliisogeza meli ndani zaidi, akaifunika kwa matawi. Mwezi Novemba Waingereza walizamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mlango wa Suninga ili kuziba njia. Wakamleta kutoka Durban rubani wa kiraia, Cutler, na ndege yake ya majini aina ya Curtiss. Kambi yake ilikuwa kisiwa cha Niororo, jirani na Mafia. Yeye ndiye wa kwanza kuitazama delta yetu kutoka angani, na aliiona manowari. Desemba ndege ilimharibikia akashuka mtoni, Wajerumani wakamteka. Zikaja ndege za Sopwith, gundi ya mbao zake ikaachia kwa joto la Mafia na hazikuweza kupaa vizuri na mabomu. Zikaja za Short, na katika mwaka huo wa 1915 ndipo zilipopatikana picha za Königsberg kutoka angani.

Mojawapo ya picha hizo nimeitazama mara nyingi. Kwa vipimo vya leo ni hafifu: kijivu juu ya kijivu, kingo zimefifia, meli ni ukucha mweusi katikati ya mto. Kwangu mimi ni picha kubwa kuliko nyingi za rangi nilizowahi kuona. Mpigaji alikuwa juu ya mbao na turubai, risasi zikimtafuta kutoka chini, na alipata alichokitaka kwa sababu alikwenda palepale juu ya meli. Hakuna kioo chochote kilichokuwa Mafia au baharini kingempa picha ile.

Na yuko mwingine aliyesogea zaidi yake. Pretorius, Kaburu mwindaji tembo aliyewahi kuishi Rufiji, alipelekwa na Waingereza kuipeleleza meli kutokea Mafia. Aliingia usiku kwa mtumbwi akiongozwa na wenyeji, akapanda mti na kuitazama Königsberg kutoka umbali wa mita mia chache, kisha akakaa kupima vina na kujaa kwa maji ili ijulikane meli bapa za mizinga zingepita wapi na saa ngapi. Vitabu vinamkumbuka yeye kuliko waliompitisha, jambo linaloniuma kila ninapolisimulia. Mtu wa kutoka nje hawezi kujipitisha mwenyewe usiku kwenye vijito vya mikoko. Mtu wa pondo alikuwapo mbele ya mtumbwi, naye alikuwa Mrufiji.

Tarehe 6 na tena tarehe 11 Julai 1915 meli bapa mbili, Severn na Mersey, zilizokokotwa kutoka Malta, zilipanda mto Kikunya. Zilifyatua mizinga kutoka umbali wa karibu kilomita 9 hadi 10. Wapigaji wa mizinga hawakuiona shabaha yao. Walioiona ni rubani John Cull na mtazamaji wake Arnold, walio angani, wakituma kwa redio mahali kila kombora lilipoanguka. Siku ya pili ndege yao ilipigwa, na ilipokuwa inashuka kuelekea mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Waliokolewa na mashua ya Mersey. Looff akaamuru meli yake ilipuliwe. Mizinga yake 10 ilifunguliwa na kuingia vita vya nchi kavu chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Waliovuta vyuma vya meli ile, kwanza sehemu za mashine kwenda kutengenezwa Dar es Salaam na kurudi, kisha mizinga yenyewe, ni wapagazi Waafrika kwa mamia. Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa na studio Dar es Salaam, aliipiga picha vita ile upande wa Wajerumani, na picha zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Zitafuteni mzitazame nyuso za wavuta kamba.

Ninachowaambia vijana baada ya habari hii ni kwamba delta haimpi kitu anayekaa mbali, hata awe na kioo cha thamani gani. Hewa yenyewe inamkatalia. Lenzi ndefu hukuza ndege, na hukuza vilevile mvuke uliopo kati yako na ndege, ukungu wa chumvi, na mtikisiko wa mkono wako. Kwa hiyo sisi tunanunua lenzi ya kumalizia hatua za mwisho tu. Hatua nyingine zote ni za mtumbwi, maji na saa. Mtu akilielewa hilo, swali la laki tatu na nusu linakuwa jepesi, maana anagundua kwamba kinachomfaa ni kile ambacho hela yake inaweza kukinunua.

Lakini haikuwa hivyo tangu zamani, na ningependa wajue jicho hili lilivyofika mikononi mwetu.

Lenzi ya mbali ya kamera ilizaliwa mwaka 1891, karibu kwa mpigo mmoja, kwa Dallmeyer huko Uingereza na kwa Miethe na Steinheil huko Ujerumani. Haikupita muda mrefu ikafika nchi hii. Mjerumani Carl Georg Schillings aliileta nyika za Wamasai pamoja na unga wa kuwasha mwanga usiku, na kitabu chake cha mwaka 1905 kikawaonyesha watu wa Ulaya simba na pundamilia wakiwa hai porini. Alikuja na msafara wa wapagazi. Kamera zilikuwa masanduku, picha zilikuwa vioo, na gharama ya safari moja ya aina ile hakuna Mswahili aliyeweza kuigusa. Upande wetu wa Rufiji serikali ya Kijerumani chini ya gavana Wissmann ilikwishatenga hifadhi ya wanyama mwaka 1896. Waingereza wakaiita Selous mwaka 1922, kwa jina la mwindaji Frederick Selous aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Wengi walioitazama mbuga ile kwa muda mrefu waliitazama kwa darubini ya bunduki. Mpiga picha Hugo van Lawick alikwenda huko na mwandishi Peter Matthiessen mwaka 1979, na picha zake zikaingia katika kitabu kilichotoka 1981. Ni kazi nzuri sana. Naipenda hasa kwa jinsi alivyousubiri mwanga. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mijini picha ilikuwa kazi ya studio. A. C. Gomes, Mgoa, alifungua yake Zanzibar karne ya kumi na tisa, na jina lake likafika hadi Dar es Salaam. Studio haina haja ya jicho la mbali: mteja anaketi mbele yako. Hata Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix hapo mwaka 1963, alianza na Box Brownie ya mtoto wa shule, kamera isiyovuta chochote. Alijifunza kusogea kwanza. Nadhani ndiyo sababu alipopata lenzi ndefu alijua cha kufanya nayo.

Sisi wa Kibiti tulianza na mjomba wangu. Alifungua studio mwanzoni mwa miaka ya 1970, chumba kimoja, pazia la mandhari ya mlima, kiti cha mkono na saa ya ukutani isiyotembea. Watu wa bondeni walikuwa wamehamishiwa juu kwenye vijiji baada ya mafuriko na Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, na kwa mara ya kwanza familia nyingi zilikaa karibu na barabara ya magari. Walikuja kupiga picha ili wawapelekee ndugu waliobaki deltani kuona wako hai na wamenenepa. Kamera ilikuwa Zenit, ya Kirusi, nzito, yenye mlio kama wa mlango unaofungwa. Aliinunua kwa mwalimu aliyerudi kutoka masomoni Moscow, na pamoja nayo kwenye sanduku la bati ilikuwamo lenzi ya milimita 300, Tair, iliyofungwa kwenye kitako cha begani chenye kifyatulio. Warusi walikiita kifaa kile mdunguzi wa picha, na ukikishika unaonekana kabisa mtu mwenye bunduki.

Kwa hiyo mjomba hakuwahi kukitoa karibu na kivuko cha Ndundu. Kivuko kilikuwa njia kuu ya magari ya Kusini, kililindwa, na hakuna mlinzi wa miaka ile ambaye angevumilia kitu cha namna ile kikilenga upande wake. Alikwenda nacho Nyamisati na kwa jamaa zetu Salale. Fokasi aliizungusha kwa mkono, mwanga aliukadiria kwa macho, filamu ilikuwa Orwo ya Ujerumani Mashariki ilipopatikana. Baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipopotea madukani, mkanda mmoja ulikaa ndani ya kamera miezi, na kila picha ilifikiriwa kabla ya kupigwa. Picha zake za deltani ni chache mno. Iko moja ya furukombe kwenye mkomafi uliokauka, ndege amejaa fremu. Nilipokuwa kijana nilidhani ni nguvu ya lenzi. Aliniambia walikaa chini ya mti ule tangu maji yanaanza kujaa mpaka yakajaa, mtumbwi umefungwa kwenye mizizi, wala hawakusema neno.

Kilichoiua lenzi ile ni ukungu. Unyevu wa delta huingia kwenye kioo na kuotesha nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, nazo zikishaota zinakula mpako wa kioo. Mjomba alijitahidi. Shangazi alipasha mchele kwenye sufuria, ukiwa mkavu na umepoa ukawekwa kwenye kitambaa ndani ya debe pamoja na kamera, kifuniko kikazibwa. Mchele wetu wa Rufiji umelinda vifaa vingi. Lakini masika moja yeye aliugua, debe halikubadilishwa mchele, na lilipofunguliwa lenzi ilikuwa imekwisha. Hakuwahi kupata nyingine.

Miaka ya ruksa ya Mzee Mwinyi ilileta filamu za rangi na mashine za kusafisha picha Dar es Salaam. Wapiga picha wa kutembea wakatapakaa na Yashica MF-2, kamera ndogo imara ambayo haikuvuta. Harusi zote za miaka ya tisini hapa zimepigwa nayo. Mkanda ulipanda basi kwenda mjini ukarudi baada ya siku kadhaa na bahasha ya picha, na njia nzima mwenye harusi anaomba picha zisiungue. Katika kipindi hicho chote sikumwona Mrufiji hata mmoja mwenye lenzi ya mbali. Watafiti wa mikoko na wageni wa Selous ndio waliozibeba, wakapita, wakaenda zao.

Huko viwandani mambo yalikuwa yanabadilika bila sisi kujua. Lenzi ya kuvuta ya kamera ya mkononi ilianza na Zoomar ya Voigtländer mwaka 1959. Ilikuwa nzito na ghali. Mwaka 1985 Minolta ikauza kamera inayotafuta fokasi yenyewe ikapata soko kubwa, na 1987 Canon ikabadilisha mfumo wake wote wa kufungia lenzi, mfumo wa EF, ambao ndio umezijaza lenzi za mtumba Kariakoo hadi leo. Jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote lilitokea 1995: Canon ilitoa lenzi ya 75-300 yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani yake. Kipande cha kioo kinaelea na kusogea kinyume cha mkono unavyotetemeka. Kwa mtu anayesimama kwenye jukwaa la zege ni starehe. Kwa mtu aliyeketi kwenye mtumbwi ni tofauti kati ya kupata picha na kukosa.

Mwaka 2003 Canon ilitoa 300D, kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi iliyouzwa chini ya dola 1,000 huko Marekani. Mwaka huohuo Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa pale Ndundu, na magari ya Lindi na Mtwara yakaacha kulala yakingoja kivuko. Kwangu mambo hayo mawili hayatengani. Kibiti ikachangamka, mashirika ya mazingira yakazidi kuja baada ya delta, Mafia na Kilwa kuingizwa katika orodha ya ardhioevu ya Ramsar mwaka 2004, na wakati wageni wanabadilisha kamera zao, za zamani zikaanza kuuzwa. Mwaka 2007 Canon ikatoa 55-250 yenye kutuliza mtikisiko, ya plastiki, nyepesi, iliyokusudiwa wanaoanza. Nikon ilikuwa imetoa 70-300 yake ya namna hiyo mwaka mmoja kabla. Zikishapita mkononi mwa wenye hela, miaka michache baadaye, ndizo zilizofika kwetu. Kamera hizi za bei ya chini zina kihisio kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo milimita 250 kwenye Canon ya aina hiyo inaona kama 400 ya zamani. Lenzi ya gramu chini ya 400 inamshinda kwa urefu mdunguzi wa mjomba wangu, na haihitaji kitako cha begani.

Bado kulikuwa na hofu ya namna nyingine. Kati ya 2015 na 2017 watu waliuawa Kibiti, Mkuranga na Rufiji: viongozi wa vijiji, askari, raia. Aprili 2017 polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Pikipiki zikakatazwa kutembea jioni. Mwandishi wa kujitegemea Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo katika gazeti la Mwananchi, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017 na hajaonekana. Katika miezi ile kamera yoyote ndefu ilikuwa inamtia shaka kila aliyeiona, na aliyeibeba aliogopa zaidi. Nilifungia zangu kabatini. Nawaambia vijana jambo hili kwa sauti ya kawaida, bila kulipamba, kwa sababu wengine walikuwa watoto: kijiji kilichopita humo kina haki ya kuuliza unalenga nini. Uende kwa mwenyekiti kwanza, umwonyeshe kamera, umwache atazame ndani yake. Daraja, kambi na kizuizi usivipige.

Mafuriko ya Aprili 2024 ndiyo yaliyonithibitishia kwamba jicho hili sasa ni letu. Maji yalifunika mashamba na nyumba bondeni, Muhoro ikazingirwa, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaongeza mzigo. Picha nilizoziamini kuliko zote zilipigwa na vijana wa hapahapa, kwa lenzi za mtumba, kutoka kwenye tuta na kutoka kwenye mitumbwi ya uokoaji: paa la bati, kuku wamesimama juu yake, mama akipokezana mtoto na mtu aliye majini. Kulikuwa na mahali ambapo haikufaa kusogea, kwa adabu na kwa usalama wa watu, na hapo milimita 250 zilifanya kazi ambayo simu haiwezi.

Sasa jina. Mwenye mwili wa Canon wa bei ya chini atafute 55-250 iliyoandikwa STM, ya 2013. Ina gramu 375 na fokasi yake ni ya haraka na ya kimya. Akikosa, ile ya 2007 inafaa. Mwenye Nikon atafute 70-300 iliyoandikwa VR, alama yao ya kifaa cha kutuliza mtikisiko. Ni nzito, karibu robo tatu ya kilo, lakini imara. Asinunue 75-300 ya Canon isiyo na maandishi ya IS, yaani isiyo na kifaa cha kutuliza mtikisiko, hata akipewa kwa nusu bei. Mchana wa mpira itamtosha, kwenye maji itamwonea. Mwenye Nikon ndogo, ya kizazi cha D40, ahakikishe lenzi ina mota yake ndani, maana mwili ule hauna, na wauzaji wengi hawalisemi hilo. Na ile Tamron ya 150-600 wanayoiota vijana, ni kioo kizuri, nimeishika. Inakaribia kilo mbili. Inataka stendi, na stendi ndani ya mtumbwi inatingishwa na kila anayepumua.

Kabla hujatoa hela, washa tochi upande mmoja wa lenzi utazame upande wa pili. Nyuzi nyeupe ukiziona, rudisha. Zungusha pete ya kuvuta ukiwa umeiweka sikioni: mchanga unasikika. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, vuta hadi mwisho, piga maandishi ya bango lililo ng'ambo ya mtaa, kwanza kifaa cha kutuliza kikiwa kimezimwa, kisha kimewashwa. Tofauti isipoonekana, kifaa kimekufa.

Mambo ya majini nilifundishwa na nahodha mmoja wa Nyamisati, mtu mzima kuliko baba yangu. Nilikuwa nimeegemeza kamera kwenye ubavu wa boti, mashine inaunguruma, navizia mdiria. Akaniambia, "Mwanangu, mti unatetema, na wewe umeung'ang'ania." Akazima mashine, akachukua pondo. Nikashikilia kamera kwa viwiko vilivyobana mbavu, mgongo wima, bila kugusa boti. Picha ikatulia. Kisha akanieleza kuhusu vitwitwi na sululu wanaokuja pwani kwetu kutoka kaskazini ya dunia kila mwaka. Maji yakitoka wanatawanyika matopeni, mbali, huwezi kuwafuata. Maji ya bamvua yakijaa, mafungu yanamezwa moja baada ya jingine, nao wanasongamana kwenye lile linalobaki. Ukitangulia kuketi hapo kabla yao, wakitua wako karibu kiasi kwamba 250 inazidi.

Alfajiri ni bora kuliko saa yoyote, kabla joto halijaanza kupanda kutoka kwenye matope. Chumvi uifute kwenye lenzi jioni ileile kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na usiku ilale ndani ya debe la mchele. Katika laki tatu na nusu usitumie yote kwenye kioo. Weka akiba umpe mwenye mtumbwi, mpatane bei kabla ya kuondoka, na umwulize yeye, si ratiba yako, maji yanajaa saa ngapi.